Dobi Aliyekataa Beseni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama umebandika kitu jikoni, punguza moto, usogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hakupenda kabisa kukatizwa akiongea. Alikuwa dobi. Dobi mwenye duka dogo la kufulia nguo, nyuma ya stendi ya mabasi. Na dobi huyo alikuwa mkimbiaji. Kila mwaka, mji ulipofunga barabara ya baharini kwa ajili ya marathoni, yeye alikuwemo. Kilomita arobaini na mbili. Miaka kumi na moja mfululizo.

Msidhani alikuwa na mbio. Hakuwa nazo hata kidogo. Kati ya wenzake, alikuwa wa mwisho. Sisemi hivyo kumkejeli marehemu, maana mwenyewe alijitapa. "Mimi nakimbia kama blanketi linavyokauka," alikuwa akisema. "Polepole, lakini nakauka."

Wakimbiaji wenzake walikuwa tisa, na wote walimwita Shangazi. Wakishamaliza marathoni, hawakwenda makwao. Walikwenda uani kwa Shangazi, nyuma ya duka, kwenye kamba za kuanikia na mabenchi mawili na mabeseni ya kufulia. Kila mmoja alichukua beseni lake, akatumbukiza miguu kwenye maji baridi, halafu wakasimuliana. Nani alikazwa na msuli. Nani alilia barabarani kama mtoto. Nani alifuata kundi lisilo lake akajikuta anaingia sokoni, katikati ya nyanya. Kwao wao, marathoni ilikuwa haijaisha mpaka isimuliwe pale uani.

Na uani kulikuwa na sheria mbili. Zishikeni vizuri, wasikilizaji, maana ndizo zinazobeba habari ya leo. Ya kwanza: hakuna kuanza kusimulia mpaka wa mwisho afike. Ya pili: anayesimulia awe amevuka mstari. Ukiishia njiani, unakaribishwa, unapewa beseni, lakini unasikiliza tu. Zote mbili alizitunga Shangazi. Hiyo ya pili ililetwa na bwana mmoja muuza miwani, aliyekomea nusu ya njia halafu akaongea saa nzima akilaumu jua, viatu, na mkewe. Shangazi akasema, hapana, imetosha.

Sasa wa mwisho kila mwaka alikuwa nani? Yeye yeye! Kwa hiyo watu wazima tisa walikaa miguu majini, midomo imefungwa, wakimsubiri. Dereva mmoja wa basi la shule, mwenye mbio kuliko wote, wanamwita Chapchap, aliniambia vidole vyake vilikuwa vinajikunja kama vya mtoto aliyesahauliwa bafuni. Lakini hakuna aliyethubutu kuanza.

Nyumbani, Shangazi alikuwa na mume. Mumewe ni fundi makochi. Yupo, mzima, tumbo lipo mbele, vidole vina alama za sindano. Kazi yake ni kujaza sponji na kugonga misumari ili watu wakae vizuri. Wakati mkewe anakimbia, yeye alikuwa anakaa. "Mimi natengeneza pa kukalia," alikuwa akimtania, "na wewe hukai. Mama, hii ndoa tulichanganyiwa." Mkewe anamrushia soksi. Miaka yote kumi na moja fundi hakuwahi kwenda hata kusimama barabarani kumshangilia. Alikuwa anamsubiri kwenye mlango wa uani, ameshika taulo.

Haya. Mwaka jana, siku ya marathoni, Shangazi hakuvuka mstari. Nasema tena: mwaka wa kumi na moja, hakuvuka. Saa nane mchana barabara ya baharini hufunguliwa, magari hupita, na mbio zimekwisha. Aliyebaki njiani huokotwa na basi. Shangazi aliletwa na hilo basi. Aliingia uani viatu vikiwa mkononi. Muuguzi mmoja wa kundi lao, mama mpole sana, akamsogezea beseni la buluu, ambalo lilikuwa lake siku zote. Shangazi akatikisa kichwa. "Leo silihitaji," akasema. Akakaa kwenye benchi, miguu mikavu, akasikiliza wenzake wakisimulia. Yeye hakusema. Sheria ni sheria, na alikuwa ameitunga mwenyewe.

Miezi mitano baadaye alianguka dukani, pasi ikiwa bado ya moto. Ulikuwa moyo. Daktari alisema ulikuwa umechoka muda mrefu.

Hapo ndipo kundi lilipoingiwa na ugonjwa wake lenyewe. Walianza kurudisha akili nyuma. Kumbe siku ile alikuwa anaumwa! Kumbe alikataa beseni kwa sababu miguu ilimvimba, au kifua kilimbana, na sisi tulikuwa hapo tunacheka na habari zetu za nyanya! Muuguzi ndiye aliyeumia zaidi. Yeye ndiye aliyempita Shangazi kwenye kona ya bahari. "Kazi yangu ni kuangalia wagonjwa," aliniambia. "Nilimwangalia usoni, akaniambia nenda, nikaenda." Akaacha mazoezi. Wengine nao wakalegea, mmoja mmoja. Chapchap akatoa wazo kwamba mwaka huu kila mtu akimaliza aende kwake tu. Hakuna aliyembishia.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyejua siku ile Shangazi alifanywa nini na ile bahari. Fundi makochi. Mkewe alimwambia jioni ile ile, wakiwa wawili tu chumbani. Alimwambia yote, halafu akamwekea sharti: "Usiwaambie. Nitawaambia mwenyewe mwakani, nikiwa nimefika. Nikisema leo wataona natafuta kisingizio, kama yule wa miwani."

Basi mwakani yake haikufika, wasikilizaji. Na maneno yakabaki kwa fundi.

Msibani nusura yamtoke. Alimwona muuguzi analia kwenye ukuta wa duka, akafungua mdomo, akaufunga. Binti yao, ambaye sasa ndiye anayeendesha udobi, alimkabili waziwazi. "Baba, si uwaambie tu yaishe?"

"Mama yako alikataza. Alisema yasemwe na aliyevuka mstari."

"Mama amekufa, Baba."

"Ndiyo maana siwezi kumwomba abadilishe."

Binti akamtazama. Akaelewa baba yake anafikiria nini, akashika kichwa. "Na huo mwili?"

"Mwili ndio nilio nao. Niende na wa nani?"

Akaanza. Asubuhi na mapema, kabla ya kufungua karakana, anatembea mpaka daraja la reli na kurudi. Baadaye anatembea na kukimbia kidogo. Kisha anakimbia na kutembea kidogo. Dada yake alimkuta siku moja amelala fofofo mchana kwenye kochi la mteja, viatu vya mbio miguuni, akadhani kaka yake amelewa. Siku nyingine goti lilimvimba, akaliwekea kipande cha sponji, akafunga kwa kitambaa cha velveti nyekundu kilichobaki kwenye kazi. Akajiandikisha kimyakimya. Katika lile kundi hakuna aliyejua. Alijua binti tu.

Siku ya marathoni mwaka huu, jua lilikuwa kali na upepo hakuna. Fundi alianzia nyuma, akabaki nyuma. Wazee wenzake wakampita. Akapitwa na mtu aliyevaa kama pundamilia. Hakujali. Jambo lake lilikuwa moja: avuke mstari kabla ya saa nane, awe na haki ya kufungua mdomo pale uani. Akichelewa, maneno ya mkewe yanangoja mwaka mwingine. Na yeye, kwa hesabu zake za moyoni, hakuwa na uhakika kama kuna mwaka mwingine kwenye magoti yale.

Akafika kwenye kona ya bahari. Pale kuna ukuta mfupi, na katika ukuta kuna pengo, na penye pengo ngazi za saruji zinateremka mpaka kwenye maji. Alipajua bila kuonyeshwa. Alikuwa ameelezwa. Wasikilizaji, mtu ambaye maisha yake yote ni viti, miguu inawaka moto, mbele yake pana pa kukalia. Alisimama. Akashika ukuta. Aliniambia alilia pale, waziwazi, watu wa maji ya kunywa wakadhani ni goti. Halafu akasema kwa sauti, "Siwezi kukaa, mama. Nikikaa, yako yatabaki tumboni mwangu." Akaendelea.

Basi likamkuta mbele kidogo. Linatembea taratibu ubavuni mwake, mlango wazi. "Mzee, panda, umejitahidi," akaambiwa.

"Hilo basi nalifahamu," fundi akasema. "Lilimleta mke wangu. Leo lipite."

Mbele, wafanyakazi walikuwa wameanza kukusanya vizuizi. Askari wa barabarani alikuwa anatazama saa yake, filimbi mdomoni. Spika zilikuwa zimezimwa. Watu wachache waliobaki walikuwa wanakunja turubai. Fundi akavuka. Askari akapuliza filimbi, na gari la kwanza likapita nyuma ya mgongo wake. Alivuka, wasikilizaji. Nasema tena: fundi makochi alivuka.

Uani wakati huo walikuwepo wote tisa. Chapchap na wazo lake la kila mtu aende kwake, miguu yake mwenyewe ilimleta. Hata muuguzi, ambaye alikimbia bila mazoezi na akafika anachechemea. Mabeseni yalikuwa yamejazwa. Walikaa, miguu majini, na hakuna aliyeanza. Chapchap akakohoa. Akasema, "Sasa, jamani, si tumetimia?"

Binti wa dobi alikuwa anamimina maji kwenye lile beseni la buluu. Hakugeuka. "Bado mmoja," akasema.

"Nani?"

"Subirini. Si ndiyo sheria?"

Mlango ukafunguliwa. Aliyeingia ni tumbo kwanza, kisha velveti nyekundu gotini, kisha medali. Chapchap alisimama ndani ya beseni akalipindua. Hakuna aliyecheka. Fundi akaketi mahali pa mkewe, akatia miguu kwenye beseni la buluu, akavuta pumzi mpaka zikatulia. Halafu akasema, "Nimevuka. Mnikubalie niseme, ingawa si ya kwangu."

Akawaambia. Mwaka jana Shangazi hakuumwa njiani. Kifua hakikumbana. Nguvu alikuwa nazo, na muda wa kufika ulikuwepo. Alipomwambia muuguzi nenda, aliona lile pengo kwenye ukuta, na ngazi. Miaka kumi ameipita ile bahari mbio, macho yakiwa kwenye lami. Nguo za watu amefua maisha yake yote, mikono majini kutwa, lakini miguu yake hajawahi kuitia kwenye maji ambayo si ya kazi. Akashuka ngazi. Akavua viatu. Akakaa, miguu baharini, akamenya chungwa alilokuwa nalo, akala taratibu. Akawasikia wakimbiaji wanapita juu yake, wanahema. Akaimba. Akakaa mpaka basi lilipompigia honi.

"Ndiyo maana hakutaka beseni," fundi akasema. "Miguu yake ilikuwa imeshaoshwa. Alikuja nayo ina chumvi. Usiku ule alicheka mpaka akajifunika shuka. Aliniambia, 'Mume wangu, kufika ni kuzuri, lakini raha ya pale kwenye ngazi sijawahi kuipata kwenye mstari.' Alikuwa anaona haya kuwaambia, ndiyo basi. Aliona haya, kwa sababu sheria ni yake."

Halafu Chapchap, miguu nje ya maji, beseni limemwagika, akasema, "Kumbe Shangazi alitutoroka!" Na hapo ndipo uani pote walipoangua kicheko, na muuguzi alicheka huku analia, akishika mkono wa fundi kwa mikono yake yote miwili, akirudia, "Hakuumwa. Hakuumwa pale." Alirudia mara nyingi. Aliponisimulia mimi, alirudia tena. Baada ya hapo kila mtu akasimulia ya kwake, na nasikia hawakumaliza mpaka taa zikawashwa.

Kwa fundi makochi, tunakupa pole, mzee wetu, na tunakupa hongera, na hatuoni aibu kuziweka pamoja. Kwa binti yake, na kwa dada yake, na kwa wale tisa wa uani, poleni sana. Mmempoteza mtu aliyewafundisha kusubiri.

Na wewe unayenisikiliza, kuna mahali unapapita kila siku ukiwa na haraka. Unapajua. Sikutumi uache kazi za watu. Nakuomba ujiulize tu, lini mara ya mwisho ulikaa pale.

Nimalizie na neno moja la uani. Watu walipokuwa wanajikausha miguu, muuguzi alimwuliza fundi: na wewe leo, ulipofika kwenye zile ngazi, ulikaa?

"Sikukaa," fundi akasema. "Nilikuwa nimebeba ya mtu. Sasa nimeyatua. Mwakani msinisubiri."