Pete ya Gramu Nne kwenye Pua ya Gari

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Gramu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa dereva wa lori na mshona nguo. Mkunga alimpima mara mbili, maana hakuamini kwamba sauti kubwa kiasi kile ilitoka kwa mtoto wa kilo mbili na robo.

Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1971. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani za sokoni na za maghalani, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006. "Huyu hana utani na jiwe la mizani," wauza nyama walinong'onezana walipomwona. Nyumbani alitukatia keki kwa kuipima, na sikumbuki hata siku moja tuliyogombania kipande.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na mama yetu, karani wa posta. Walijaliwa watoto watatu.

Alipostaafu, rafiki yake fundi redio alimpa gari la mashindano la rimoti, lile dogo la kukimbia kwenye vumbi na matuta, likiwa limevunjika ekseli. Baba alilitengeneza, kisha akaanza kulipunguza uzito. Alitoboa matundu kwenye bamba la chini, akaondoa skrubu za chuma na kuweka za alumini, akakwangua hata rangi.

"Baba watoto, mtu akipiga chafya hapa, hilo gari litapeperuka," mama alimwambia.

"Subiri kwanza. Bado sijagusa magurudumu."

Tarehe 19 Oktoba 2013 alifika fainali ya mashindano ya magari hayo. Kanuni ilisema gari lisipungue gramu 1,500, na lake alilipima nyumbani likaja barabara. Ila alilipima likiwa na tope la mazoezi, kisha, kwa heshima ya fainali, akaliosha. Uwanjani mizani ikasoma 1,496. Mkaguzi wa miaka thelathini na minne, kakamatwa na mizani!

"Mzee, una dakika tatu," msimamizi alimwambia.

Baba akapapasa mifuko, mitupu. Mama akavua pete yake ya ndoa, akaibandika kwa utepe chini ya pua ya gari. "Ukiipoteza, usirudi nyumbani."

Alishika nafasi ya pili. Gari lile, ambalo kila likiruka tuta liliinua pua na kupinduka, siku hiyo lilitua sawasawa kila mara. Baba akaahidi kuirudisha pete Jumatatu.

Jumatatu hiyo ilichukua miaka kumi na moja; utepe ulipochakaa, aliibana pete kwa skrubu za pua ya gari lenyewe. Kila alipodaiwa alijibu, "Nikiitoa, gari litainua pua." Mashangazi waliuliza kwa sauti ya chini kama kuna tatizo ndani ya nyumba. "Sijaachika," mama aliwajibu. "Pete imepata kazi."

Mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua. Alipofikia kilo arobaini na tisa alimwambia muuguzi, "Mwanangu, nipime na viatu, nisije nikatolewa mashindanoni." Tulicheka, kisha kila mmoja wetu akatazama pembeni.

Jumapili tarehe 17 Novemba alituagiza tumletee gari na bisibisi ndogo. Kesho yake, akiwa ameegemea mito, alilifungua mwenyewe. Skrubu mbili zilimponyoka, lakini alikataa kusaidiwa. Pete ilikuwa imechakazwa na kokoto. Alipomvisha mama, ikagoma kwenye kifundo cha kidole. Tukapaka sabuni, ikaingia.

"Leo Jumatatu," baba alisema.

"Umechelewa kidogo," mama alimjibu, asiuachie mkono wake.

Alifariki Alhamisi tarehe 21 Novemba 2024, saa nne asubuhi, mama akiwa kando yake.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu watano, na gari moja la gramu 1,496, ambalo hakuna shindano litakalolikubali tena.

Baba, umetua sawasawa. Lala kwa amani.