Majumbe wa Chumbageni

Mbele ya duka la Idarusi fundi cherehani, Chumbageni, mwaka ule wa hamsini na tano, kahawa ilikuwa bado ya moto na watu walishaanza kuvimba vichwa. Idarusi alikuwa ametunga mchezo wa Jumbe wa zamani wa Pangani, auoneshe Idi Pili, na mji mzima alishautangazia. Kilichobaki ni maneno ya kumwamkia Jumbe anapoingia. Akafanya kosa la kuwauliza waliokaa benchini: Kombo Kilemba, mwenye joho la marehemu babu yake, na Uweso Gazeti, mwenye upanga. Bila joho na upanga, Idarusi angeaibika. Mimi niliendelea na kahawa yangu, maana watu hawa nawajua.

— Wamwambie “Shikamoo Jumbe,” yatosha, akasema Idarusi.

— Shikamoo ya nini? Kombo akamkata kauli. Hata mimi naamkiwa shikamoo, na sina hata mbuzi. Jumbe huitwa Mwinyi Mkuu. Unavua makubazi, unainama, ndipo unafungua kinywa.

— Nani kakwambia? Uweso akauliza.

— Babu yangu. Alikuwa Jumbe.

— Babu yako kauza chumvi Moa mpaka kafa!

— Sasa Jumbe auze chumvi ya nani, kama si yake?

— Haya. Babu yangu mimi alikuwa Liwali. Mbele yake Jumbe hanyanyui uso. Na Liwali haamkiwi kwa maneno. Unakohoa mlangoni, naye akikohoa, umepokelewa.

— Ndiyo maana kwenu mna pumu.

— Idarusi, mtie Liwali mchezoni, ama upanga huuoni!

— Nimemtia, bwana, nimemtia.

— Basi babu yangu awe Diwani juu ya Ujumbe, akasema Kombo. Na majina yake yasomwe yote. Zamani mtu akianza kuyasoma alasiri, magharibi inamkuta bado kapiga magoti.

— Ah, kama ni hivyo, akasema Idarusi, na mimi mtunzi ni Sharifu. Nibusiwe mkono.

Nilidhani huyu ana akili.

Hapo akafika Laurenti, kibarua wa shamba la mkonge, kufuata suruali yake iliyotiwa viraka.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba! wakajibu wote kwa pamoja, kila mmoja akijua kaamkiwa yeye.

Laurenti akawasikiliza kidogo, kisha akauliza:

— Na huyo anayewaamkia nyinyi wakubwa, ni nani?

Kombo alimtazama Uweso, Uweso akamtazama Idarusi. Halafu, bila haya, wote wakamgeukia Laurenti, wakamtazama kuanzia miguu yake mitupu.

— Ndugu yangu, Idarusi akalainisha sauti, Idi Pili una kazi?

— Suruali yangu iko tayari?

Akapewa, akaenda zake.

Idi Pili mchezo ulioneshwa. Kombo akiwa Jumbe, Uweso Liwali na Idarusi Sharifu, waliingia, wakasimama, kila mmoja akingoja kuamkiwa. Laurenti alikaa mkeka wa mbele na suruali yake ya viraka, akawatazama. Walingoja mpaka watu wakaondoka kwenda kula pilau.