Maisha ya Mama Chupa, Mtafiti wa Kemikali Sugu za Majini

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza, familia imeona vyema mpate kusikia safari ya dada yetu, mama yetu na shangazi yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Chupa, nayo itasomwa kama alivyoagiza mwenyewe, bila kuongezwa chumvi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, mtoto wa pili na binti pekee wa baba aliyekuwa karani wa stesheni ya reli na mama aliyekuwa mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na kisima cha mtaa, na tangu udogo wake alikuwa mtu wa kuuliza, hata mama yake akawa anasema kwamba binti huyu ukimtuma maji atarudi na ndoo nusu na maswali ndoo nzima. Kaka yake, aliyemtangulia kwa miaka mitatu, ndiye aliyemshika mkono kumpeleka darasa la kwanza mwaka 1971, ndiye aliyewakabili waliomcheka kwa kigugumizi chake cha utotoni, na wawili hao walikuwa chanda na pete.

Alimaliza elimu ya msingi mwaka 1977, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana hadi mwaka 1983, na mwaka uliofuata akajiunga na chuo kikuu kusomea kemia, wakati huo baba yao akiwa amekwisha kufariki, na kaka yake akiwa ameajiriwa katika kiwanda cha maturubai na makoti ya mvua kilichokuwa mlimani, juu ya mtaa wao. Mshahara wa kiwanda hicho ndio uliomsomesha, jambo ambalo marehemu hakulificha wala hakulisahau, na alipohitimu mwaka 1988 kaka yake alivaa koti la mvua jipya kwenye sherehe, jua likiwa kali, kwa sababu ndilo vazi zuri kuliko yote aliyokuwa nayo.

Mwaka 1989 aliajiriwa katika maabara ya maji, chumba kirefu chenye sinki tatu na jokofu lililokuwa likinguruma kuliko mkuu wa maabara, na huko ndiko alikokutana na dereva wa gari la maabara, kijana mpole aliyejitolea kumbebea makasha ya chupa za sampuli hata siku zisizokuwa za safari. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1991, wakajaliwa binti mwaka 1993 na mvulana mwaka 1996, na mumewe, ambaye yuko nasi hapa, hupenda kusema kwamba yeye alidhani ameoa mke mmoja, kumbe ameoa na chupa mia mbili.

Mwaka 2007 marehemu alianza utafiti uliompa jina, wa kemikali sugu zenye florini, zile zinazopakwa kwenye kitambaa ili maji yateleze na kwenye vikaango ili chakula kisigande, ambazo zikishaingia ardhini haziozi, zikiingia majini haziondoki kwa kuchemshwa, na zikiingia mwilini hukaa kwenye damu kwa miaka. Kwa kuwa kemikali hizo zimo katika vitu vingi tunavyotumia, siku ya kuchukua sampuli hakujipaka mafuta mikononi wala hakuvaa koti lisiloingiza maji, asije akaichafua chupa yeye mwenyewe, na mvua ikimkuta kisimani alilowa chapachapa huku watoto wa mtaa wakimcheka kwamba mtaalamu wa maji hana hata mwavuli, naye akicheka nao.

Mwezi Novemba 2008 yalirudi majibu ya sampuli zake za kwanza, zilizokuwa zimepelekwa kupimwa nje ya nchi, na miongoni mwa visima vyote alivyopima, kilichozidi vingine kwa mbali ni kile cha mtaani kwao, chini ya mfereji wa kiwanda, kilichomkuza yeye, ambacho kaka yake na mkewe walikuwa bado wanakunywa maji yake. Alisoma namba ile, akaenda kunawa uso, akarudi kuisoma tena. Mkuu wa maabara alimwambia kwamba jibu moja si jibu, kwamba sampuli huenda zilichafuka njiani, kwamba inabidi kupima upya masika na kiangazi, na kwamba mpaka hapo lisitoke neno, kwa sababu mtaa ukishatiwa hofu kwa kosa la maabara hautawaamini tena, na marehemu alikubali, maana ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akiwafundisha wanafunzi wake.

Miezi michache baadaye ikajulikana kwamba wifi yake, mke wa kaka yake, ni mjamzito. Marehemu alianza kuwapelekea madumu ya maji kutoka upande wa pili wa mji, akisema kwamba maji ya kisima yameingia chumvi, na wifi yake, aliyempenda kama mdogo wake, alimtania kwamba usomi umemharibu ulimi, akayapokea madumu kwa shukrani, akafulia nguo, na akaendelea kunywa ya kisimani kama mtaa mzima. Binti alizaliwa tarehe 21 Agosti 2009. Marehemu alikwenda siku ya pili, akampakata, akamtazama akinyonya, akijua kwamba kilichomo kwenye damu ya mama hupita kwenye maziwa, akameza maneno yake, akarudi nyumbani.

Majibu ya mwisho yalipofika mwezi Januari 2010 na kuthibitisha yale ya kwanza, aliomba ruhusa awaambie kaka yake na wifi yake kabla ya mkutano wa kuutangazia mtaa, akaketi mezani kwao, akaeleza kila kitu tangu mwanzo. Walimsikiliza hadi mwisho, kisha wifi yake akamuuliza swali moja tu.

"Ulijua, siku ile ulipokuja kumpakata mtoto?"

"Nilijua," akasema marehemu.

Kaka yake aliinuka akafungua mlango, akasimama hapo hadi marehemu alipotoka.

Kisima kilifungwa, mabomba yakaletwa kutoka kwenye chanzo kingine, na mwaka 2011 kiwanda kikaifunga sehemu ya kupaka vitambaa, ambako kaka yake alikuwa msimamizi, akabaki bila kazi pamoja na wenzake wengi, baadhi yao wakiacha kumsalimia marehemu njiani, naye hakuwalaumu. Kwa miaka iliyofuata mlango wa kaka yake haukufunguliwa kwake, na mtoto yule, ambaye yu mzima na anasoma, alikua akimwona shangazi yake kwa mbali, kwenye harusi na misiba ya watu wengine. Kama maji yale yalimdhuru au hayakumdhuru, marehemu hakuweza kujua, na aliwahi kumwambia mumewe kwamba katika kazi yake yote hakuna neno lililomchosha kama neno hatujui.

Kuanzia mwaka 2012 aliongoza upimaji wa damu wa wakazi wa mtaa, kazi iliyosaidia kuonyesha jinsi kemikali hizo zinavyopungua polepole mwilini mtu anapoacha kuzinywa, na aliweka kanuni ambayo vijana wake wa maabara wanaifuata hadi leo, kwamba mwenye damu ndiye wa kwanza kuambiwa, hata kama jibu bado lina shaka, na aambiwe na shaka yenyewe.

Mwezi Oktoba 2021 alianza kuumwa, akagundulika kuwa na saratani ya figo, akafanyiwa upasuaji mwaka 2022, akapata nafuu, na mwaka jana ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Wengi wetu tulisema ni maji yale, na tulitaka iandikwe hivyo hapa, lakini alitukatalia katakata.

"Mimi ni mtu mmoja," alituambia. "Kwa mtu mmoja siwezi kusema ni maji, wala siwezi kusema siyo. Msiseme msichokijua. Semeni kwamba nilijua mapema, na nilichelewa kusema."

Familia imelisema, kama alivyoomba.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2024 kaka yake alisikia hali imekuwa mbaya, akaja hospitali, akakaa pembeni ya kitanda akiishika miguu ya mdogo wake. Siku iliyofuata alikuja na mkewe. Marehemu alimwomba msamaha, kwa sauti iliyokuwa imekwisha kukauka, na kigugumizi cha utotoni kikawa kimemrudia, na wifi yake akamjibu, "Bado sijaweza, wifi. Lakini kesho nitakuja." Kesho yake alikuja kweli, akaendelea kuja, akimwogesha, akimsuka nywele chache zilizobaki, akimsimulia habari za binti yake shuleni, na suala lile halikutajwa tena na yeyote kati yao, hadi asubuhi ya Jumanne, tarehe 2 Aprili 2024, marehemu alipoaga dunia, akiwa na umri wa miaka sitini, wifi yake akiwa njiani kuelekea hospitali na nguo safi mkononi. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na kaka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani waliomtunza bila kuchoka, wafanyakazi wenzake wa maabara waliofunga kazi ili wawe nasi leo, na majirani, hasa ninyi mliotoa damu yenu mwaka hadi mwaka, hata mliokuwa na uchungu naye. Mwisho, wifi yake ametuomba tuseme mbele yenu, kwa kuwa yeye hawezi kusimama, kwamba alikwisha kumsamehe tangu wiki ya pili ya Machi, ila alidhani bado kuna muda wa kumwambia.

Mama Chupa, umeambiwa. Pumzika kwa amani.