Kinachoguna Garini mwa Flaviana

APOLINARI: Haloo? Nani mwenzangu? Paza sauti, maseremala wa Keko wamewasha randa!

FLAVIANA: Ni mie, dada yako Flaviana.

APOLINARI: Aa, da' Flavi! Shikamoo.

FLAVIANA: Marahaba. Poli, wewe si fundi umeme wa magari? Redio yangu inaguna, inakwaruza—

APOLINARI: Umeifanyaje?

FLAVIANA: Nimeiombea.

APOLINARI: Umeombea redio.

FLAVIANA: Cheka ukimaliza. Saa kumi na moja nina mtihani kule Mtoni. Nikisali rozari na redio njiani, moyo unatulia.

APOLINARI: Mama wa watoto wanne na kidato cha nne! Shemeji anasemaje?

FLAVIANA: Brightson? Eti shule ya jioni ni ya wenye mahawara. Juzi kaniuliza nilisimama Ubungo kufanya nini. Kununua kalamu! Sijui nani kampelekea maneno.

APOLINARI: Majirani zako wa Kimara hao, wana macho mpaka kisogoni. Haya, washa gari. Kanyaga mafuta. Kelele zinapanda?

FLAVIANA: Wala.

APOLINARI: Basi si altaneta inayochaji betri. Chomoa ile chaja yako ya kuokota barabarani—

FLAVIANA: Nishachomoa.

APOLINARI: Antena imekaza?

FLAVIANA: Kuliko kichwa chako.

APOLINARI: Hebu igiza inavyoguna.

FLAVIANA: Trititi... trititi... inanyamaza. Halafu tena.

APOLINARI: Hiyo ni simu, dada! Simu ikikaa karibu na redio huwa hivyo. Umri wote huo hujui? Weka spika, iache simu getini, rudi garini usikilize.

FLAVIANA: (kwa mbali) Bado!

APOLINARI: Haiwezekani.

FLAVIANA: (kwa mbali) Njoo uisikilize mwenyewe, injinia!

APOLINARI: Basi humo ndani kuna laini nyingine ya simu. Rudi kwenye simu. Gari liliguswa na nani mara ya mwisho?

FLAVIANA: Brightson. Alilipeleka kutengeneza honi.

APOLINARI: Honi? Kwa fundi gani, na mie shemeji yake nipo hapa kila siku—

FLAVIANA: Alisema una kazi nyingi.

APOLINARI: Dada. Pitisha mkono chini ya usukani. Kuna kidubwasha?

FLAVIANA: Kuna... kijisanduku cheusi. Kina taa, inakonyeza. Ni nini?

APOLINARI: Usikiguse kwanza.

FLAVIANA: Poli!

APOLINARI: Kinatuma mahali gari lilipo. Kwenye simu ya mtu.

(mtandao unakwaruza)

FLAVIANA: Kumbe jirani mwenyewe ndiye huyu.

APOLINARI: Nakuja. Nakuja na spana, leo atanieleza—

FLAVIANA: Kaa hapo hapo. Kinachomolewaje?

APOLINARI: Zima gari. Kuna plagi nyeupe, vuta taratibu.

FLAVIANA: Imetoka. Nawasha... Sikia! Salamu Maria, kama niko benchi la mbele kanisani!

APOLINARI: Na hicho kidude?

FLAVIANA: Ninacho, naingia nacho jikoni. Nilimpikia wali na samaki. Nakitia humu kwenye hotpoti, nafunika. Akirudi apakue.

APOLINARI: Da' Flavi! Na wali?

FLAVIANA: Nimeuhamishia kwenye kontena, naondoka nao. Mtihani unatia njaa.

APOLINARI: Ukitoka huko njoo ulale kwangu basi—

FLAVIANA: Nina kwangu. Nitarudi, nitakaa mezani, nimtazame akimeza mate. Salio linakata, Poli. Niombee.

APOLINARI: Mie? Mie nikuombee?

FLAVIANA: Una kazi nyingi na we—

APOLINARI: Haloo? Dada? Oyaa, maseremala! Zimeni hizo randa kidogo. Kuna mtu nataka kumwombea.