Sinki Lanywa Maji Matamu

Tuktuk ilipotoka Makadara, Priscah hakuwa na nia ya kusikiliza maneno ya watu. Lakini mama aliyeketi kushoto kwake alitaja kichujio cha kuondoa chumvi kwenye maji, na asubuhi hiyo hiyo Priscah alikuwa akimngojea fundi wa kumfungia chake. Akatega sikio.

"Fundi mpira wa maji ya chumvi ya kumwaga kautia kwenye mfereji wangu wa kunywea," mama alimwambia abiria wa kulia, mwanamume aliyepakata mfuko wa spana. "Wa maji safi kauingiza kwenye bomba la chini ya sinki. Mwezi mzima mimi nanywa chumvi, sinki lanywa maji matamu!"

"Mipira yafanana, mama. Huenda alisahau kuonja."

"Kwani fundi huonja?"

"Mimi huonja. Nikipata chumvi, nageuza."

Mama alimtazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Na siku una mafua?"

Mwanamume akapiga chafya.

Tuktuk ikasimama Mbaraki, mlangoni kwa Priscah. Mwanamume naye akashuka, akatoa simu, akabonyeza. Mkoba wa Priscah ukaanza kulia.

Priscah aliuacha ulie.