Siku Aliyosimuliwa Mwalimu Benter

Waombolezaji wenzetu, mlio nyuma sogeeni ndani ya hema, maana mvua ya Othaya haimsubiri mtu, na mkishaketi mtuvumilie mpaka mwisho, kwa sababu haya yanasomwa na Muchiri, shemeji wa marehemu, kwa niaba ya familia, na marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza yasomwe yote, pasipo kurukwa hata mstari mmoja ili kulinda heshima ya mtu.

Mwalimu Benter Adhiambo Mutahi, ambaye wengine mlimwita Adhis na wengine Mama Simeon, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Ahero, kaunti ya Kisumu, akiwa binti wa pili wa koplo wa polisi, na alipofika miaka saba babake akahamishiwa Nyeri, familia yote ikaingia nyumba za polisi pale mjini, na mtoto akajua Kikuyu kabla hajazoea baridi. Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1993 mjini Nyeri, akasoma sekondari Kianyaga hadi 1997, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 2001, na Januari 2003 akaanza kufundisha darasa la tatu katika shule ya msingi hapa Othaya, darasa ambalo hakuliacha mpaka mwili ulipokataa.

Shuleni hapo ndipo alipokutana na Mutahi, fundi wa stima aliyeitwa kuweka waya katika ofisi ya walimu, kazi ya siku mbili ambayo aliifanya wiki tatu, na mwalimu mkuu akanyamaza kwa sababu alikuwa na macho. Walifunga ndoa kanisani tarehe 11 Desemba 2004, baada ya ujumbe wetu kwenda Ahero, ambako Cucu Watiri, mama yake Mutahi, asiyewahi kula samaki maishani, aliwekewa samaki mzima mezani, akamtazama, samaki naye akamtazama, mpaka wakwe zetu kwa huruma wakamchemshia viazi.

Mungu aliwajalia Simeon, aliyezaliwa mwaka 2006, na tarehe 20 Agosti 2010 wakapata binti, akaitwa Watiri kama nyanya yake, na Cucu akazunguka kijiji kizima akitangaza kwamba amezaliwa tena. Watiri huyo mdogo aliugua nimonia, akafariki tarehe 9 Novemba 2014, akazikwa tarehe 13, pale chini ya ule mti wa mgrevilea mnaouona, na kwa vile alikuwa mtoto hakusomewa historia kama hii, ilifanywa sala fupi, watu wakaenda nyumbani.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, mahali ambapo familia nyingi husema marehemu alisumbuliwa na presha kisha zikaendelea mbele. Benter hakuwa na presha. Baada ya mazishi aliacha kula, akaacha kuoga, akaacha kusema, akawa anaketi jikoni akitazama moto uliozimika, na Januari 2015 Mutahi akampeleka hospitali kubwa ya Nairobi, ambako daktari wa magonjwa ya akili alisema kwamba dawa zitachelewa na mgonjwa hana muda huo, afadhali atibiwe kwa umeme. Mutahi alikuwa amewahi kurushwa na stima kutoka kwenye ngazi huko Karatina, alama iko kiganjani mwake mpaka leo, akamwambia daktari, "Stima naijua mimi, haina huruma." Daktari hakumcheka, akamweleza kwamba mgonjwa hulazwa usingizi kwa sindano, misuli ikalegezwa, akawekewa kinga ya meno mdomoni, umeme mdogo ukapitishwa kichwani kwa sekunde chache, ubongo ukapata kifafa kifupi asichokisikia, kisha akaamka. Akaongeza kwamba siku zinazokaribiana na matibabu huenda zikapotea kichwani, nyingine zisirudi, na akiuliza, watu wa nyumbani wamkumbushe taratibu. Mutahi alisikia kwamba ataamka, akatia sahihi, hayo mengine yakampita.

Alitibiwa mara mbili kwa wiki, na baada ya mara ya nne aliomba chai, akailalamikia kwamba haina sukari, na Mutahi akatoka nje, akalia karibu na mfereji kama mtoto. Alirudi nyumbani mwishoni mwa Februari, muhula wa pili akaingia darasani, na wale mliokuwa mkinong'ona sokoni ati alichomwa kichwa, watoto wenu ndio aliokuwa akiwafundisha kusoma.

Lakini alirudi na pengo. Alijua kwamba Watiri amefariki, alijua kama mtu anavyojua habari ya redioni, ila tangu mtoto alipolazwa hadi yeye mwenyewe alipotoka hospitali, hakukumbuka kitu. Tulikaa kikao sisi wa nyumbani, Cucu akasema Mungu ametumia stima kumpangusia uchungu, nasi sote tukakubali, picha ya mtoto ikatolewa ukutani, nguo zake zikagawiwa, majirani wakaonywa. Kila alipouliza siku ile ilikuwaje aliambiwa, "Wacha hayo, Mama Simeon, utarudi kuugua." Ilikuwa hivyo kwa miaka minne, na alikuwa akienda kaburini bila kujua siku ile alisimama upande gani. Tulimpenda, na tulikosea.

Machi 2019 ugonjwa ulirudi, wajuaji wakasema si mnaona, ile stima ilikuwa bure, naye kwa sauti kidogo aliyobaki nayo akatujibu hapa hapa sebuleni, "Stima iliniamsha. Nyinyi ndio mlinificha." Akasema yuko tayari kurudi kutibiwa, hata kama kichwa kitapoteza mengine, kwa sharti moja, kwamba akiamka Mutahi amsimulie siku ya Watiri. Mutahi aliahidi, huku akiogopa kwamba maneno yake yatamrudisha mkewe kulekule.

Tarehe 17 Mei 2019, akiwa amemaliza matibabu, waliketi kwenye benchi nje ya wodi, na swali la kwanza la Benter lilikuwa, "Nilikuwepo?" Ni hapo ndipo Mutahi alipoelewa kwamba kwa miaka minne mkewe alikuwa akiogopa kwamba hakumzika mwanawe. Akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa kwa sababu nyingine ingemshinda, kwamba alikuwepo, kwamba asubuhi ile alishona kifungo cha sweta ya kijani ambayo mtoto alivishwa, kwamba mvua ilinyesha na gari likashindwa kupanda kilima, kwamba alikataa wanaume wasiguse sanduku, akalibeba mwenyewe toka barabarani mpaka mgrevilea, na Mutahi alimfuata nyuma, mkono mgongoni mwake, asije akateleza. Benter akauliza kifungo kilikuwa cha rangi gani. Kilikuwa chekundu, cha kijani hakikupatikana. Akalia, kwa mara ya kwanza tangu mtoto afe, na alipomaliza kulia akasema, "Niambie tena."

Ugonjwa haukurudi tena. Cucu Watiri, ambaye yuko nasi hapa na ametaka hili lisomwe, aliirudisha picha ukutani kwa mikono yake, na kila tarehe 13 Novemba Mutahi alisimulia siku ile upya, na Benter akawa anawaeleza akina mama makanisani, kuanzia Majengo hadi Kianyaga, kwamba yeye ni wa stima na hana aibu.

Mwaka 2024 alipatikana na saratani ya koo, akapigana nayo, akafariki mjini Nyeri tarehe 2 Juni 2025, akiwa na miaka arobaini na sita. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wakiwemo wale waliomlaza usingizi na kumwamsha salama kila mara, walimu wenzake, majirani waliochota maji na kuchanja kuni wiki hii nzima, na wakwe zetu waliosafiri usiku kucha kutoka Ahero.

Tuna ombi moja. Tangu msiba uingie Mutahi hajalia, kila akiulizwa jambo anajibu sawa, na leo asubuhi alifunga taa za hema hili mwenyewe, kisha saa nne akauliza ni fundi gani aliyezifunga. Inaelekea hataikumbuka siku hii. Kwa hiyo itazameni vizuri, nani alikuja, nani aliimba, mvua ilianza saa ngapi, yeye alisimama wapi, na siku atakapopita kwako akuulize, usimwambie wacha hayo. Mpe kiti, umwambie, na akitaka tena, umwambie tena.

Adhis, pumzika kwa amani, Watiri yuko hapo kando yako. Mutahi tutamsimulia sisi.