Panya wa Maji ya Bomba

Mshonaji alikaa kwenye treni nyuma ya wanaume wawili, dumu la maji miguuni. Mtunza panya wa maabara na karani wa kiwanda cha kemikali walikuwa wamejuana kwa vituo viwili tu, na tayari walikuwa wanabishana.

"Ripoti yenu wenyewe, kaka," karani alisema. "Panya wenye mimba waliopewa kemikali yetu na wasiopewa walizaa sawa."

"Sawa kwa ubaya. Vitoto vilikuwa kama punje za maharage, na nusu vilikufa. Hao wasiopewa tuliwanywesha maji ya bomba la mtaani."

"Bomba lipi?"

"Linalopita chini ya ukuta wenu."

"Acha uchochezi, bwana. Panya hufa tu."

"Tulipowapa wengine maji ya kisima chetu, mbona vitoto havikufa?"

Mshonaji alilitazama dumu. Mwaka jana alimzika mjukuu wa siku mbili, aliyeenea viganjani. Muda wote wa mimba ile alimpelekea binti yake maji, maana kwa binti hakuna bomba. Sasa binti ana mimba nyingine, na dumu alilijaza asubuhi kwenye bomba hilohilo la chini ya ukuta wa kiwanda.

Treni ikasimama. Wale wawili walishuka wakiendelea kubishana. Nje ya dirisha binti yake alikuwa anatabasamu, amenyoosha mkono kupokea dumu.